Mkono Uliokaza Klipu

Fundi Taratibu alikuwa na mazoea yaliyowaudhi wateja wenye haraka. Gari lolote lililofikishwa katika karakana yake, hata lile alilolitengeneza mwezi uliopita, hakulichungulia kwanza. Alifungua boneti, akaiegemeza kwenye fimbo yake, akafuta mikono kwa tambara, kisha akafumba macho. Akiwa amefumba hivyo, aliingiza mikono yote miwili na kuipitisha polepole juu ya vyuma na mipira, akitaja kila alichokigusa kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayeita mahudhurio darasani. Mwenyewe alisema anaisalimia injini. Wateja walisema anawapotezea muda, wakambandika jina la Taratibu, na jina likamganda.

Mazoea hayo hakuyabuni yeye. Ujanani mwake, yeye na mdogo wake wa kiume walifundishwa kazi na fundi mmoja mkali aliyekuwa akiwafungia ndani ya stoo isiyo na dirisha, pamoja na injini nzima ya dizeli iliyokalishwa juu ya magogo. Fundi huyo alikaa nje na kuuliza kupitia mlangoni, "Mkono uko wapi sasa?" nao wakamjibu kutoka gizani. Aliyekosea alirudi mwanzo. Sababu aliyowapa ilikuwa fupi: macho hukimbilia kinachong'aa, na mara nyingi kinachong'aa hakina ubovu.

Kanuni yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuifuata hewa. Mkono uanze kwenye boksi la chujio, mahali hewa inapoingia pamoja na vumbi lake. Utoke hapo kwa mpira mnene hadi kwenye tabo, kile chuma kilichojikunja kama konokono ubavuni mwa injini. Ndani ya tabo mna magurudumu mawili madogo yaliyoshikana kwa ekseli moja: moshi unaotoka huzungusha la kwanza, la kwanza huzungusha la pili, na la pili huisukuma hewa mpya ndani kwa nguvu. Hewa iliyosukumwa hupata joto, kwa hiyo mkono ufuate bomba hadi kwenye kipoza hewa kinachofanana na rejeta ndogo. Kisha mpira mwingine hadi kwenye manifodi, lile bomba linaloigawa hewa, na kutoka manifodi hadi kwenye silinda, ambako nozeli zinaingoja hewa hiyo na dizeli yao. Huko moshi huzaliwa, ukatoka upande wa pili na kurudi kwenye tabo kulizungusha lile gurudumu la kwanza.

Mdogo mtu aliwahi kumnong'oneza kaka yake gizani kwamba jambo hilo linamtisha kidogo. Yaani injini hiyo, alisema, pumzi iliyokwisha kuitoa ndiyo inayoivutisha pumzi mpya. Kaka akamcheka na kumwambia aache mambo ya kitoto, akazane kutafuta nozeli.

Nyumbani mdogo huyo aliitwa Chiriku. Jina alilipewa na mama yao, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akivuma wimbo usio na maneno, mdomo umefungwa. Alipozoea kazi, mvumo huo ukafanana na sauti ya tabo inapoanza kushika kasi: ulianzia chini, ukapanda, ukakatika ghafla. Karakanani hakuna aliyelijua jina hilo. Lilikuwa la mama na la kaka mtu, basi. Wateja walimwita Fundi Mdogo, nao walimpenda kwa sababu alikuwa mcheshi, ingawa mafundi wa karakana za jirani walimlaani. Walimlaani kwa ajili ya klipu. Chiriku alikuwa mtu wa mashoto, na kila alipofunga mpira wa hewa, aliikaza klipu, ule ukanda wa chuma unaoubana mpira, kichwa cha skrubu kikitazama ndani, upande wa injini, mahali ambapo bisibisi haifiki ila kwa kukunja kiwiko na kutukana. Kisha juu ya klipu alizungushia waya mwembamba, akaupinda kuelekea kushoto, na ncha yake akairudisha ndani kama kitanzi ili isimchane mtu. Alipoulizwa kwa nini anawatesa wenzake, alijibu kwamba anataka atakayeifungua amkumbuke.

Alipotimiza umri wa kujitegemea, alikwenda kufanya kazi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, akitengeneza magreda na malori. Salamu zake zilifika kwa muda, kupitia madereva. Kisha zikakoma. Fundi Taratibu alisafiri kumtafuta, akakuta kambi imekwisha kuhamishwa na mahali pake pamebaki madoa ya oili na magurudumu mabovu. Hakuna aliyejua lolote. Miaka ikapita, zaidi ya kumi. Ndugu walishauri Chiriku aombolezwe ili watu wapumzike, mama akakataa katakata. Mtu aliyesema mbele yake kwamba Chiriku alikuwa kijana mzuri, alimkatiza na kusema, "Ni kijana mzuri," kisha akaendelea kuchambua mboga.

Mwaka huu mama akalala kitandani. Ukungu ulikuwa umetanda kwenye mboni za macho yake, akawa anaona maumbo tu, na miguu ilivimba. Mke wa Fundi Taratibu ndiye aliyemhudumia, akimwogesha na kumgeuza. Siku moja mama alimwita mwanawe, akamshika mkono na kumwambia neno ambalo lilimkaa kifuani kuliko ugonjwa wenyewe.

"Nataka kujua kabla sijaondoka. Kama yupo, nijue yupo. Kama hayupo, nilie. Nimechoka kukaa katikati."

 Fundi Taratibu alirudi kazini akiwa na deni hilo la neno, asijue pa kulilipia.

Ikawa adhuhuri moja, jua limesimama utosini na mafundi wenzake wamekwenda kula, akasikia mvumo nje ya geti. Ulianzia chini, ukapanda, ukakatika. Spana ilimponyoka. Alikaa ameinama, akisikiliza, hadi uliposikika tena, na mara hii ukaandamana na mngurumo wa dizeli. Gari lilikuwa linaingia. Ni gari refu la kubebea abiria na mizigo, limechakaa, rangi yake imepakwa upya juu ya rangi nyingine, linatoa moshi mweusi. Dereva wake alikuwa mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, anayezunguka zahanati za mbali kuwazalisha wanawake. Alieleza kwamba gari limepoteza nguvu mlimani, linapumua kama mgonjwa, na yeye ana wajawazito wanaomsubiri, kwa hiyo fundi afanye hima.

"Nimeambiwa wewe ni mzuri lakini ni kobe," alisema. "Leo jaribu kuwa sungura kidogo, baba."

Fundi Taratibu akafungua boneti, akafuta mikono, akafumba macho.

Boksi la chujio lilikuwa sawa. Mpira mnene ulikuwa sawa. Alipofika kwenye tabo, chuma kilikuwa bado kina joto, akakizunguka kwa vidole vya tahadhari hadi kwenye mdomo wa bomba la hewa. Hapo alitafuta kichwa cha skrubu ya klipu, mahali ambapo vidole vya fundi yeyote hukitarajia, upande wa nje. Hakikuwapo. Mkono wake ukakunja kiwiko wenyewe, bila yeye kuuagiza, ukapenya nyuma ya bomba. Kichwa cha skrubu kilikuwa huko, kinatazama ndani. Juu ya klipu palikuwa na waya. Umepindwa kushoto. Ncha yake imerudishwa kama kitanzi.

Alihisi baridi ikimpanda kutoka viwikoni, ingawa mabati yalikuwa yanawaka kwa jua. Ilimjia hisia kwamba kuna mkono mwingine ulikuwa hapo hapo sasa hivi, na kwamba umejiondoa tu kumpisha. Hakufumbua macho. Akaendelea kuifuata hewa, na kila klipu aliyoikuta ilikuwa imefungwa kwa namna ile ile. Mpira wa mwisho, unaoingia kwenye manifodi, ulikuwa umepasuka kwa chini, na hapo ndipo nguvu ya gari ilipokuwa ikivujia. Lakini Fundi Taratibu alikuwa amekwisha kulisahau gari. Alichomoa mkono, akatazama vidole vyake kwenye mwanga. Havikuwa na kutu. Akainama na kuangalia sasa kwa macho: waya ulikuwa mpya, unang'aa.

Akamuuliza mkunga ni nani aliyemfungia mipira hii, na lini. Mkunga alijibu kwamba ni karakana moja iliyo peke yake kando ya barabara kuu, mwendo wa nusu siku, huko kwenye zahanati zake. Alikuwa amefungiwa majuzi tu, kabla ya mvua kukatika.

"Fundi mwenyewe yukoje?"

"Hana maneno. Anafumba macho kama wewe. Na anavuma," mkunga akasema, kisha akamwangalia vizuri. "Mbona umepauka hivyo? Kaa chini, kaa. Nisije nikakuzalisha hapa."

Alikaa juu ya tairi, kisha akarudi kwenye injini. Alibadilisha mpira uliopasuka, na alipofika kwenye klipu za ndugu yake hakuzigusa. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwingine asingelifanya. Mtu mwingine angekwenda kwanza, akaona, halafu akasema. Lakini Fundi Taratibu alikuwa ameishi maisha yake yote akiamini mikono kuliko macho, nayo mikono ilikuwa imekwisha kumwambia. Alikimbia nyumbani na nguo zake za oili, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, Chiriku yupo. Nimeishika kazi yake. Waya bado mpya."

Mama hakulia wala hakucheka. Aliomba ainuliwe aketi. Kisha akaomba kitenge chake kizuri kitolewe sandukuni na kupigwa pasi, na alipoona mkwewe anasitasita, akamuuliza kama anataka shemeji yake amkute mama akiwa amevaa matambara.

Alfajiri iliyofuata Fundi Taratibu aliondoka na mkunga, aliyelala hapo kwa kuwa barabara ile haipitiki usiku. Njia nzima hawakuzungumza sana. Mkunga alimweleza habari za watoto waliozaliwa wakiwa wamezungukwa na kitovu shingoni, na Fundi aliitikia bila kusikia, kwa kuwa masikio yake yalikuwa kwenye tabo. Kila walipopanda kilima ilivuma, ikapanda, na dereva alipobadilisha gia ikakatika. Alijikuta anasubiri ikatike, na kila ilipokatika alishtuka.

Karakana waliifikia mchana. Lilikuwa jengo la mabati lililosimama peke yake, hakuna nyumba karibu. Nje, boneti kuukuu za magari zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwa safu, kama milango iliyong'olewa kwenye nyumba nyingi. Uwanja ulikuwa umefagiwa hata jani halikuonekana. Mkunga akasema atampitia baadaye, akaondoka na vumbi lake.

Fundi Taratibu aliingia, na kwa muda hakuona kitu. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa mabati yaliyopigiliwa misumari. Karakana isiyo na mwanga, mchana kweupe. Aliponyosha mkono mbele ili asijigonge, ukashika kamba. Kamba hiyo ilikuwa imevutwa usawa wa kiuno, kutoka mlangoni kwenda ndani, na penye njia panda palikuwa na fundo. Kamba nyingine iliondoka hapo kwenda kushoto, nyingine kulia. Alizifuata kwa vidole. Moja ilimpeleka kwenye meza ya kazi, ambako spana zilining'inia kwa ukubwa wake, ndogo hadi kubwa, bila hata moja kukosekana. Nyingine ilikwenda kwenye pipa la maji. Ya tatu ilielekea kwenye kona ya ndani, na kutoka kwenye kona hiyo kulikuwa na mvumo.

Macho yakaanza kuzoea. Mtu alikuwa ameinama chini ya boneti, mgongo umemgeukia, bega la kushoto limeshuka kama lilivyoshuka siku zote bega la Chiriku. Mikono yake ilikuwa ndani ya injini. Mvumo ulipokatika, akaanza kutaja kwa sauti ya chini. Chujio. Mpira. Tabo. Baada ya tabo akanyamaza kidogo, kama Chiriku alivyokuwa akinyamaza hapo tangu siku ile aliponong'ona stooni, kisha akaendelea. Bomba. Kipoza hewa.

Fundi Taratibu alitaka kumkimbilia, lakini mkono wake ulikataa kuiachia kamba.  Aliita mara moja tu, kwa sauti iliyotoka kama ya mtu mwingine.

"Chiriku."

Vidole ndani ya injini vilisimama. Yule mtu hakugeuka.

"Naam, kaka," akajibu.

Na sauti haikuwa ya Chiriku. Haikuwa hata na ukoo nayo. Nywele za Fundi Taratibu zilisimama, akarudi hatua nyuma hadi mgongo ukagusa pipa. Ndipo mtu yule akajiinua, akageuka, macho bado yamefumbwa, kisha akayafumbua. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye uso wa duara na upara uliokamilika kabla ya wakati wake, mgeni kabisa, ambaye Fundi hakuwahi kumwona maishani.

"Usiogope," alisema. "Nimeagizwa niitike. Si mimi unayemtafuta, na yule unayemtafuta hayupo tena. Pole sana, kaka."

Alimkalisha kwenye benchi, akamchotea maji, na akamweleza yote kwa utaratibu, akisimama kila mara kumpa nafasi. Kule kambini, Chiriku alikuwa akiichaji betri ya greda, na alipochomoa waya ikatoa cheche na kulipuka, tindikali ikampata usoni. Macho yakaharibika yote mawili. Kambi ilipohamishwa, yeye alikuja kukaa kwenye jengo hilo, mbali na kambi ilipokuwa, pamoja na huyu mwenye upara, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa lori asiye na lori. Ikadhihirika kwamba kipofu anaweza kutengeneza injini ya dizeli kuliko wengi wanaoona, kwa sababu alijifunza gizani. Kamba alizifunga mwenyewe. Madirisha aliyaziba mwenye upara, kwa hiari yake, baada ya kuambiwa kwamba hatajifunza kitu akiwa anachungulia. Walifanya kazi hivyo miaka yote hiyo. Katika mvua zilizopita, Chiriku alishikwa na kifua, na hakupona.

Fundi Taratibu alisikiliza akiwa ametazama sakafu. Swali lake la kwanza halikuwa la kifo.

"Klipu za gari la mkunga. Nani alizifunga?"

"Mimi."

"Kwa mkono wa kushoto?"

"Mimi si mtu wa mashoto," mwenye upara akasema. "Alinifundisha akiwa nyuma yangu, ameushika mkono wangu kwa wake. Sijui kuifunga kwa namna nyingine. Mpaka leo nikikaza klipu, nausikia mkono wake juu ya wangu. Wakati mwingine unanizuia, nikiangalia naona kweli nilikuwa nakaza kupita kiasi."

 Fundi akauliza kwa nini kamba hazijafunguliwa, maana yeye anaona. Mwenye upara akatabasamu kidogo na kusema kwamba alizifungua wiki moja, akawa anajigonga kila mahali, akazirudisha.

Likabaki swali moja zito, nalo Fundi alilizunguka kabla ya kulisema: kwa nini mdogo wake hakurudi, wala hakutuma hata salamu.  Mwenye upara akaeleza kwamba Chiriku alikuwa akisimulia habari za baba yao. Baba huyo alipofuka wakati wao wakiwa wadogo, na mama alimwongoza kwa mkono miaka mingi, chooni, kisimani, hospitali, hadi alipofariki. Siku moja Chiriku alimsikia mama akimwambia jirani kwamba hana nguvu tena, na kwamba akipewa kipofu mwingine atakufa yeye kwanza. Alipopoteza macho, aliapa kwamba kipofu huyo wa pili hatakuwa yeye. Alisema afadhali mama amngojee kuliko ambebe. Lakini alijua kwamba kaka yake ataipata kazi yake siku moja, ndani ya gari fulani, kwa kuwa magari hutembea. Ndiyo maana hakubadilisha klipu zake, na ndiyo maana alimwachia mwenzake agizo: akija mtu akaliita jina la Chiriku, ambalo hakuna mwingine anayelijua, asimwache akisubiri jibu.

Hapo ndipo Fundi Taratibu aliposhika kichwa.

"Nimekwisha kumwambia mama kwamba yupo," alisema. "Amevaa kitenge chake kizuri. Anangoja."

Mwenye upara alimwonyesha kaburi nyuma ya jengo, lililofagiwa kama uwanja. Kisha akaingia ndani, akabadilisha shati na kusema watakwenda pamoja.

Asubuhi iliyofuata walipanda basi. Mwenye upara alisinzia upesi, kichwa kimeegemea kioo, na mikono yake juu ya magoti ikaanza kutembea: kidole kwa kidole, kutoka goti la kulia, kikazunguka, kikasita, kikaendelea. Fundi Taratibu aliitazama kwa muda mrefu kabla ya kutambua kwamba inafuata hewa. Alipotazama magoti yake mwenyewe, aliona vidole vyake vinafanya vivyo hivyo, mahali pale pale, kwa mwendo ule ule. Akavikunja ngumi.

Wazo lilikuwa limekwisha kumwingia, nalo halikutoka. Mama haoni ila maumbo. Sauti hubadilika kwa miaka. Huyu hapa ana mvumo, ana bega, ana mikono, na ameagizwa kuitika. Mama ana siku chache, na siku hizo zingeweza kuwa siku za furaha. Kwani ni nani angeumia? Alilipindua wazo hilo kituo hadi kituo, kila upande akakuta ni laini, na hiyo ndiyo iliyomwogopesha. Alimwangalia tena mgeni aliyelala. Kwa kipande kidogo cha wakati, basi lilipopita kivulini, hakuwa na hakika kabisa kwamba aliyelala pale ni mgeni.

Nyumbani walikuta mlango umerudishwa. Mke wa Fundi alikuwa uani. Ndani, kupitia upenyo, mama alionekana ameketi kwenye kiti chenye mito, amevaa kitenge, uso ameuelekeza mlangoni. Mwenye upara aliinama kuvua viatu, na alipokuwa akifungua kamba za viatu, mvumo ukamtoka bila kujua. Ulianzia chini, ukapanda, ukakatika. Kwa aibu akajiweka sawa na kupiga hodi.



"Chiriku?" mama akaita.

Mwenye upara aligeuka kumtazama Fundi Taratibu, mdomo umefunguka nusu. Jibu lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wake, hilo lilionekana wazi. Aliagizwa. Alikuwa anangoja tu ruhusa ya macho. Fundi Taratibu alisikia moyo wake ukigonga kama dizeli ya baridi. Alimwona mama akijiinua kidogo kwenye kiti, mikono imeshika mbao za pembeni, na akaona jinsi lingekuwa jambo rahisi. Asingehitaji kusema chochote. Angenyamaza tu.

"Mama," alisema, "huyu si yeye. Nilikosea. Chiriku ametuacha tangu mvua zilizopita. Huyu ndiye aliyekaa naye."

Mama alirudi taratibu kwenye mito. Fundi hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Nilijua alipopiga hodi," mama akasema hatimaye. "Mwanangu apige hodi kwake? Lakini nilitaka kuliita mara moja, mtu akiwa mlangoni." Kisha akageuza uso mahali alipohisi mgeni amesimama. "Ingia, baba. Njoo ukae hapa karibu."

Mwenye upara akaingia, akasogea kwa magoti, akakaa chini kando ya kiti. Mama alimuuliza maswali ambayo Fundi hakufikiria kuyauliza: kama mwanawe alikuwa anakula, nani alimfulia, kama alilala vizuri, kama mwisho wake alikuwa na kiu. Mwenye upara alijibu yote, na la mwisho alijibu kwamba alimpa maji kwa kijiko, hadi aliposema yanatosha. Mama alipouliza kwa nini hakurudi, mwenye upara alimtazama Fundi, na Fundi akatikisa kichwa kumkubalia. Mama akaambiwa yote, macho na betri na yale maneno aliyomwambia jirani.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya bega la mgeni.

"Siku ile miguu iliniuma tu," alisema. "Mtu husema. Ningembeba. Ningembeba mpaka basi."

Kisha akaanza kulia, kwanza kwa sauti ndogo iliyokatikakatika, halafu kwa sauti kamili, ya miaka yote aliyokuwa ameizuia, na upande wa pili wa ukuta jirani akazima redio yake.